Zamu ya Crisanto

Glasi ilirudi tupu, na mtu ambaye zamu ilikuwa yake alikuwa nje barabarani anapiga picha roshani.

Zenaida aliikazia macho. Povu lilikuwa limekung'utwa sakafuni, karibu na mguu wa kiti cha kaka yake Nicanor, kama adabu inavyotaka. Kitini hapakuwa na mtu. Bia kwenye chupa ilikuwa imepungua kiasi cha glasi moja. Mtu wa tatu wa meza ile, Baldomero, mpiga gitaa mfupi mwenye mashavu ya kuvimba, alikuwa kainamia gitaa lake anakaza nyuzi.

"Baldo, umekunywa zamu ya Nicanor?"

"Mimi? Dada, mlevi niite, mwizi hapana."

"Nani kanywa, basi?"

"Si umekipa kiti? Muulize kiti," Baldomero akasema, akacheka peke yake.

Barrios Altos, mtaa mkongwe wa Lima, mtu hana glasi yake. Anayetaka glasi yake peke yake akanywe hospitali. Meza nzima ina glasi moja na chupa moja: unajimiminia, unampa chupa jirani yako, unakunywa, unakung'uta povu sakafuni, glasi inaifuata chupa. Ndivyo duara linavyokwenda, na mwenye kulikatiza anaonekana hakulelewa. Sasa zamu ya Nicanor ilipofika, Nicanor alikuwa ameshatoka tena na simu yake, kwa mara ambayo Zenaida alishaacha kuihesabu. Basi akaisukuma chupa na glasi mbele ya kile kiti kitupu, akasema kwa sauti, "Haya, kiti nacho kinywe!" Hasira hasara, lakini nani hukumbuka methali akiwa na hasira?

Na haki ya kukasirika alikuwa nayo. Nicanor alikuja kutoka Milano baada ya miaka ishirini, kwa wiki moja tu, na kesho alfajiri anarudi. Mama yao, Doña Eduviges, tangu mapambazuko yuko jikoni na mikono yake dhaifu anapika viazi vikavu kwa nyama ya nguruwe na karanga, chakula ambacho Nicanor alikililia tangu utotoni, na kazi aliyopewa Zenaida ilikuwa moja: umrudishe kaka yako mezani kabla chakula hakijapoa. Kazi ndogo kama nini! Ila Nicanor alisema anataka kwanza kunyoosha miguu mtaa wa zamani, aone nyumba, anywe moja, asikie muziki kidogo. Huko kunyoosha miguu kulianza asubuhi. Kila mlango wenye nakshi, "hebu subiri." Kila roshani ya mbao iliyoning'inia nusu, "tazama ile, dada, tazama ile." Hii ilikuwa baa ya tatu, na katika zote tatu neno lake lilikuwa hilo hilo: moja tu.

Aliyemwogesha mama miaka yote hiyo ni nani? Aliyepanga foleni naye kliniki ni nani? Nicanor alikuwa anatuma picha za theluji.

Akaingia sasa, nywele zimelowa manyunyu, anatabasamu. "Zena, hujaona mbao za pale juu! Miaka mia mbili, na bado zimeshikana."

"Mimi naona saa. Twende."

"Nakaa nimalize zamu yangu."

"Zamu yako imeshanyweka."

"Na nani?" Alishakaa. Akaruka mara moja, akajishika suruali nyuma. "Aa! Nani kamwaga maji hapa?"

Kiti kilikuwa chepechepe. Haikuwa bia, kwani harufu iliyopanda ilikuwa ya udongo uliokaa gizani, ya majani yaliyooza majini. Mwenye baa akaleta kitambaa akakipangusa, akanung'unika juu ya paa lake bovu. Nicanor akakaa tena. Na alipokaa, Zenaida aliona mabega ya kaka yake yakishuka taratibu, na kichwa kikiinama upande, namna ambavyo Nicanor hakuwahi kukaa.

Baldomero akaanza valsi, wimbo wa kale wa mtaa ule. Mara sanduku likaingia. Ninasema lile sanduku la mbao ambalo mpigaji hulikalia akalipiga kwa viganja. La baa ile lilikuwa pembeni pale, na mwenyewe alikuwa ameenda kula. Mapigo yakaja hata hivyo, mazito, yenye mwangwi, yakatoka chini ya miguu yao.

"Majirani wanajua kupiga!" Baldomero akasema kwa furaha.

Ndipo Nicanor akaimba. Mtu huyu shuleni alifukuzwa kwaya. Sauti iliyotoka ilikuwa ya kukwaruza, ya mtu aliyekunywa siku nyingi bila kulala, na ilijua mahali pa kuvuta na mahali pa kuachia:

*Ufunguo uko majini, mlango haufunguki,
Duvi kaondoka na glasi, zamu yangu haifiki.*

Vidole vya Baldomero vikasimama juu ya nyuzi. Chini ya sakafu sanduku likapiga mara chache zaidi, halafu nalo likanyamaza.

"Wimbo gani huo, Nica?" Baldomero akauliza kwa sauti ndogo. "Nimepiga hapa maisha yangu yote, siujui."

"Wimbo gani?" Nicanor akasema. Akakohoa ndani ya kiganja, akakitazama kiganja, akakifuta haraka kwenye koti. Zenaida alikuwa ameshaona. Lilikuwa tope.

Kilichomtisha zaidi si tope. Mama yao anaitwa Eduviges, na watu wote humwita Doña Eduviges, au mama, au bibi. Kwa alivyojua Zenaida, jina la Duvi alikuwa anaitwa na dada yake peke yake, na huyo dada amezikwa zamani, Nicanor akiwa bado anatambaa.

"Simama," Zenaida akasema. "Tunakwenda nyumbani sasa hivi. Baldo, tusamehe."

"Moja tu, dada."

"Nicanor, nitakupiga mbele za watu!"

Akamkamata mkono, akaushika mshipa wa kifundo, akauona baridi, baridi ya nyama iliyotoka kwenye barafu, akamburuta hadi mlangoni huku wanywaji wa kaunta wakimpigia makofi, "Mama mkali huyo, kaka, pole!" Nje manyunyu yalikuwa yale yale ya Lima ambayo hayanyeshi wala hayaachi. Teksi ya kwanza ikapunguza mwendo, dereva akamtazama Nicanor, akakanyaga mafuta. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu haikupunguza hata mwendo. Zenaida alitamani kulia kwa hasira, katikati ya mchana, barabara imejaa watu na wauza mishikaki ya moyo wa ng'ombe, na hakuna gari moja la kumchukua yeye na huyu kaka yake.

"Hebu nione tu ule mlango," Nicanor akasema.

"Mlango gani?"

Akawa ameshaondoka. Alitembea upesi, yeye aliyekuwa anasimama kila hatua kutazama kuta. Sasa hakutazama chochote. Akapita nyumba zilizobanduka rangi mpaka udongo na matete yake yakaonekana, akapita chini ya roshani zilizofungwa kwa waya, akakata kona, akakata nyingine, na Zenaida nyuma yake anakimbia na mkoba unampiga nyonga, anaita, na kila kona waliyoikata ile harufu ya udongo wa gizani ilikuwa imewatangulia, imewangoja, nzito kuliko ilivyokuwa kona iliyopita, mpaka akaanza kupumua kwa mdomo.

Mlango ulikuwa wa uchochoro: njia ndefu nyembamba, vyumba kushoto na kulia, bomba moja la maji kwa wote. Mama yao alizaliwa humo, ingawa hakuwahi kuwaleta hata siku moja. Bombani alikuwepo mwanamke mzee, anafua. Nicanor akampita bila salamu, akaenda mpaka mwisho ambako palikuwa na bamba la saruji limewekwa chini, akapiga magoti, akalaza sikio juu yake. Akaanza kulipiga kwa viganja, taratibu. Kutoka chini akajibiwa.

Mzee akaacha nguo majini. "Nani kampa zamu?" akanong'ona.

"Shikamoo, bibi. Zamu gani?"

"Usinizungushe, mwanangu. Mimi ni Petita, nimezeekea hapa. Huyo aliyemwingia kanyweshwa na mtu. Nani kamwachia glasi?"

Zenaida akamweleza habari ya kiti kitupu na neno alilolisema. Bibi Petita akatikisa kichwa kwa muda mrefu.

"Na wewe ni wa nani?"

"Wa Eduviges."

"Ala!" Mzee akajipiga paja. "Mtoto wa Duvi. Na huyo pia?"

"Kaka yangu."

"Basi kaa hapa kwenye ndoo nikwambie, maana mama yako hatakuwa amekwambia." Akasogea, akanong'ona huku jicho moja liko kwa Nicanor. "Zamani sherehe ya kweli ilifungiwa mlango. Mwenye sherehe anafunga pale, anautupa ufunguo kisimani, pale chini ya bamba, hatoki mtu mpaka nyimbo ziishe na sufuria ziishe. Ndipo mtu anashuka kwa kamba kuutafuta. Mama yako alikuwa msichana, na mchumba wake Crisanto ndiye aliyeutupa ufunguo. Siku ya tatu Duvi kachoka. Anasema twende, Crisanto anasema moja tu. Anasema twende, moja tu. Unamjua mwanamume wa namna hiyo?"

"Namjua," Zenaida akasema.

"Glasi ilikuwa mkononi mwa Duvi, wa kufuata ni Crisanto. Hakumpa. Akapanda paa na glasi yake, akaenda zake. Crisanto akashuka kisimani na ulevi wake, autafute ufunguo amfuate. Kamba tuliivuta ikaja peke yake." Akajifuta mikono kwenye gauni. "Tangu siku hiyo anangoja zamu. Huku kila mtu anajua. Kiti kikiwa kitupu tunapindua glasi. Na wewe umempa zamu kwa mkono wa damu ya Duvi, kwenye kiti cha damu ya Duvi."

"Hamkuita padri?"

"Padri kaja, kamwaga maji ya baraka. Mtu kafia majini, maji atayaogopea nini?"

Pale mwisho Nicanor akacheka, kicheko cha kukwaruza, bila kuinua sikio kwenye bamba.

"Anatolewaje, bibi? Nifanye nini? Kesho anasafiri, mama anatungoja na chakula!"

"Mwenye kukimbia na glasi ndiye mwenye kufunga duara. Hiyo glasi aliyonywea, mpelekee mama yako. Aipindue mezani mbele ya huyu, mdomo chini, aseme imetosha. Basi. Hana tena cha kungoja, anatoka. Lakini lazima awe Duvi, na mapema. Akinywa kutoka mkononi mwa Duvi mwenyewe, ndiyo kakaa humo, hatoki tena."

Zenaida akajishika kichwa. Glasi! Glasi aliiacha baa, meza ya watu, imeshapita midomo mingapi! Akageuka akimbie, na Nicanor alikuwa amesimama nyuma yake kabisa, mikono ya koti inachuruzika maji mpaka viwikoni, glasi iko mkononi. Alikuwa ameibeba ndani ya koti tangu kule baa.

"Twende kwa Duvi," akasema kwa ile sauti.

Sasa hakubisha. Teksi ya kwanza ikasimama yenyewe. Dereva akafungua madirisha yote manne, na aliyemwelekeza njia ni Nicanor, kushoto hapa, kulia pale, mpaka mtaa wa Breña, mpaka chini ya jengo ambalo mama alihamia baada ya yeye kwenda Ulaya na ambalo wiki hii nzima alikuwa anapotea akilitafuta. Na Zenaida kiti cha nyuma kamshika mkono kaka yake kwa mikono miwili, anausugua upate joto, anamsemesha habari za utotoni, wakati ule walipoiba sukari, wakati ule mbwa alipomla kiatu, na kila alipomaliza kisa Nicanor wa kweli alichungulia kidogo machoni, akasema "Zena, nasikia baridi," halafu akazama tena, na kila alipozama alikaa chini muda mrefu kuliko mara ya nyuma.

Walipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu. Mlango ulikuwa wazi. Harufu ya karanga na pilipili ikawapokea, meza imetandikwa kitambaa cha sikukuu, sufuria iko katikati, chupa ya bia ya mgeni imefunguliwa. Kando ya mlango lilikuwa sanduku la safari la Nicanor, limeshafungwa kamba. Doña Eduviges alikuwa kakaa mwisho wa meza kavaa gauni lake la kanisani.

"Chakula kimepoa," akasema. Kisha ile harufu nyingine ikaingia nyuma yao, akainua kichwa.

Nicanor akaketi mbele yake, mabega chini, kichwa upande. Mama akamtazama sana. Hakupiga kelele. Aliinua mkono, akaweka sawa nywele zake nyeupe.

Zenaida akachukua glasi kutoka mkononi mwa kaka yake, akaiweka mbele ya mama, akapiga magoti. "Mama, Bibi Petita kanieleza kila kitu. Sina lawama, ulikuwa msichana. Ipindue tu. Ipindue, sema imetosha, atatoka."

"Petita bado yuko hai?"

"Mama, upesi!"

Mama akaishika glasi. Akaigeuza taratibu, mdomo ukaelekea kitambaa, ukabaki upana wa kidole, na Nicanor mwilini mwote akaanza kutetemeka, meno yanagongana, na kwa sauti yake mwenyewe, ile ya siku zote, akasema, "Mama, nitoe humu."

"Nakutoa, mwanangu." Mkono ukasimama. "Ukishatoka, kesho unaondoka?"

Nicanor aliinamia meza. Alikuwa anakohoa tope kwenye kitambaa cha sikukuu.

"Mama," Zenaida akanong'ona, "ndege ni alfajiri. Ana kazi, ana watoto kule. Atakuja tena."

"Alisema miaka miwili. Ikawa ishirini." Mama alikuwa anaangalia lile sanduku la safari. "Mimi nina ishirini mingine?"

"Mama, ipindue!"

"Nilimkimbia huyu kwa sababu alikuwa hataki kuondoka," Doña Eduviges akasema, na alitabasamu kidogo, tabasamu la msichana. "Sikujua kama wapo wanaume wabaya zaidi."

"Duvi," ile sauti ya kukwaruza ikasema kwa upole. "Zamu yangu."

Zenaida alimrukia mkono, akaushika, akauvuta, na mkono ule wa mama aliyeogeshwa, aliyevalishwa, aliyeshindwa hata kufungua kopo la maziwa, haukusogea hata kidogo. Ukaisimamisha glasi, ukainua chupa, ukamimina, glasi ikajaa vizuri na povu lake, ukampa Nicanor, na Nicanor akanywa yote kwa mkupuo mmoja, kichwa nyuma, koo linapanda linashuka, akakung'uta povu sakafuni, akafuta mdomo, akawatazama kwa macho ambayo hayakuwa na baridi tena wala woga wala chochote cha yule mtoto aliyeiba sukari. Nyuma yao mlango ukajifunga. Ufunguo ukageuka kitasani, ukachomoka, na chini, mbali sana, huko ambako palipaswa kuwa jiko la jirani wa ghorofa ya pili, wakasikia chuma kinatumbukia majini.

Mama akafunua sufuria, akampakulia mwanawe sahani ya kwanza, akamjazia mpaka pembeni. Ndani ya kuta yakaanza yale mapigo ya sanduku ya kule baa.

Zenaida alikuwa bado sakafuni. Alijaribu kitasa, akajaribu dirisha, akarudi. "Mama," akasema, na sauti ilimtoka ya mtoto, "na mimi je?"

Doña Eduviges akamtazama, akashangaa kidogo swali lenyewe.

"Wewe ulikuwepo siku zote," akasema. "Kaa, zamu yako inakuja."